Mahekalu 23, wikiendi baada ya wikiendi: shajara ya kutembea njia ya Awa, kisiwani Shikoku

Jumamosi, 14 Septemba 2024. Mpango

Nafundisha Kiingereza katika sekondari za chini hapa Tokushima, nikiwa msaidizi wa walimu wa Kijapani. Siku za kazi zinafanana: vipindi asubuhi, chakula cha mchana darasani pamoja na wanafunzi, kila mmoja na pakiti yake ya maziwa, kisha shule nzima inashika mifagio na vitambaa kusafisha jengo. Jumamosi na Jumapili ni zangu, isipokuwa kukiwa na siku ya michezo. Shajara hii naiandika kwa ajili ya mwenzangu yeyote mwenye muda kama wangu, asiyeweza kuomba likizo ndefu lakini angependa kuijua Japani kwa miguu.

Shikoku ina njia ya hija ya Kibudha yenye mahekalu 88 na urefu wa kama kilomita 1,200. Inamkumbuka mtawa Kūkai, aliyeishi mwaka 774 hadi 835, ambaye watu wa hapa humwita O-Daishi-san, kwa mapenzi, utadhani ni mzee wa mtaani kwao. Anayeitembea yote kwa mkupuo mmoja huchukua wiki sita hivi. Wajapani wenye ajira huikata vipande, na wapo wanaomaliza mkoa mmoja kisha wakarudi nyumbani kujipanga kwa mkoa unaofuata. Mikoa ni minne, na wa kwanza ni huu wetu wa Tokushima, ambao mahujaji bado wanauita kwa jina la kale, Awa. Ndani yake kuna hekalu namba 1 hadi 23, karibu kilomita 150. Nataka kuzikanyaga zote bila kupanda gari kati ya hekalu na hekalu, nikianza kila safari pale ilipoishia ile ya nyuma.

Mimi ni Mwislamu, na kila niliyemweleza mpango huu ameniuliza, akianza mama yangu Tanga. Natembea njia. Sisomi sutra, yaani maandiko ya Kibudha, wala sishiriki ibada ya hekalu. Mahujaji hubeba daftari linalopigwa muhuri na kuandikwa kwa wino katika kila hekalu, na muhuri huo ni ushahidi kwamba mtu ametoa pale sutra, kwa kuinakili au kuisoma. Kwa kuwa sisomi, sichukui. Nilimweleza hivyo mama wa ofisini hekalu namba 1 nilipokwenda kuulizia, akanijibu kwamba njia ni ya kila mtu, nitembee salama. Langoni nasimama kidogo, kama mgeni anayesubiri kujibiwa hodi, ndipo naingia.

Kwa anayetaka mihuri: tangu Aprili 2024 bei imepanda kutoka yen 300 hadi 500 kwa hekalu, maana yake yen 44,000 kwa mzunguko mzima. Ofisi sasa zinafunguliwa saa mbili asubuhi badala ya saa moja, na zinafungwa saa kumi na moja jioni kama zamani. Saa hiyo moja ya asubuhi ni hasara kubwa kwa mtu wa wikiendi.

Nilichonunua: kofia pana ya majani ya kusuka wanayovaa mahujaji, na fulana nyeupe isiyo na maandishi ya dua. Jumla yen 4,200.

Jumapili, 6 Oktoba 2024. Namba 1 hadi 10

Treni hadi kituo cha Bandō ni chini ya yen 500. Tokushima ndio mkoa pekee wa Japani usio na treni ya umeme, kwa hiyo ni behewa moja la dizeli linalonguruma kupita mashamba ya viazi vitamu na mpunga. Mahekalu kumi ya kwanza yamepangana kwenye bonde la mto Yoshino, tambarare, alama za mshale mwekundu kila kona. Njia yenyewe haina shida hapa. Lango la namba 8, Kumadani-ji, limejengwa mwaka 1687 na linasimama peke yake katikati ya mashamba, mbali na hekalu lake. Namba 10, Kirihata-ji, ina ngazi 333 za mawe, na unazikuta mwisho wa siku.

Kilichoshindikana ni viatu. Nilikuwa na viatu vya kupandia milima, vigumu soli, lakini sehemu kubwa ya njia hii ni lami. Joto la lami na ugumu wa soli vilinipa malengelenge visiginoni kabla ya namba 5. Fundi wa duka la viatu aliniambia mambo mawili ambayo yamefanya kazi tangu siku hiyo. Kwanza, kiatu chepesi cha kutembelea kilichozidi mguu kwa nusu saizi, kwa sababu mguu huvimba kufikia jioni. Pili, soksi zenye vidole vitano, ambazo hapa zinauzwa kila mahali. Viatu yen 11,800, soksi jozi mbili yen 1,320. Malengelenge hayajarudi.

Cha pili kilichoshindikana ni chakula. Nilitegemea kununua njiani, na supu za tambi za pakiti karibu zote zina dondoo ya nguruwe. Suluhisho ni maduka ya saa 24: onigiri, yaani donge la wali, ya samaki wa salmoni, ya mwani au ya plamu chachu, ndizi, na tende zangu mwenyewe. Kati ya namba 9 na 10 usitegemee duka, beba.

Kisha kuna o-settai, desturi ya watu wa Shikoku ya kumpa msafiri wa njia hii kitu bila malipo. Nilikuwa nimeisoma tu. Karibu na namba 6 mzee aliyekuwa shambani aliacha kazi, akavuka mtaro, akanimiminia sudachi mikononi, ndimu ndogo za kijani ambazo karibu zote za Japani zinalimwa mkoani humu. Hukatai, na desturi ni kumpa mtoaji kikaratasi chenye jina lako. Cha mahujaji kina maneno ya dua, kwa hiyo nimejitengenezea vyangu: jina, Tanzania, na shukrani kwa Kijapani. Beba vingi. Vyangu viliisha kabla ya namba 8.

Jumatatu, 4 Novemba 2024. Mto ulifunga njia, namba 11

Kutoka namba 10 hadi 11 ni kilomita kama 9, na unavuka mto Yoshino kwa madaraja ya chini yasiyo na kingo. Yamejengwa makusudi ili mafuriko yapite juu yake bila kuyabomoa. Ni madaraja mazuri sana ya kutembelea, maji yakiwa karibu na miguu na magari yakisubiriana. Lakini baada ya mvua kubwa ya mwanzo wa mwezi huu, Jumapili nilikuta kizuizi na maji ya rangi ya udongo yakipita pale palipotakiwa kuwa na barabara.

Nilijaribu kulizunguka kwa kufuata ramani ya simu hadi daraja kubwa la magari. Ramani ilinipitisha kwenye barabara ya malori isiyo na njia ya waenda kwa miguu. Niligeuka, nikalala nyumbani, nikarudi leo ambayo ni sikukuu. Maji yalikuwa yameshuka kiasi cha kupita daraja moja, na kwa jingine nikatumia njia ya mzunguko aliyonielekeza mwenye duka la baiskeli, ndefu lakini yenye kijia pembeni.

Funzo la kunakili: kabla ya kutoka, angalia kiwango cha maji ya mto kwenye tovuti ya wizara inayosimamia mito. Kuna kamera za moja kwa moja za madaraja na picha inatosha, si lazima usome Kijapani. Gharama ya kosa la ratiba hii ilikuwa nauli ya ziada tu.

Jumapili, 24 Novemba 2024. Shōsan-ji

Hapa ndipo mradi mzima ulipopimwa, kwa hiyo naandika kirefu.

Kutoka namba 11, Fujii-dera, hadi namba 12, Shōsan-ji, ni karibu kilomita 13 za msitu na mlima. Wenyeji wanapaita mahali panapoangusha mahujaji. Vitabu vinasema saa sita hadi nane. Hekalu liko mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini tatizo ni kwamba hupandi mara moja. Unapanda, unashuka, unapanda. Baada ya kibanda cha Jōren-an, penye mwerezi mkubwa na sanamu ya Kūkai, njia inakushusha karibu mita 300 hadi kijiji cha Sauchi, kisha mlima unakudai tena zote ulizozipoteza.

Mpango wa kwanza ulikuwa treni ya asubuhi kutoka mjini hadi Kamojima, kilomita tatu hadi hekaluni, kuingia msituni saa tatu. Haufanyi kazi. Mwishoni mwa Novemba jua linazama saa kumi na moja, na ndani ya miti giza linatangulia. Nilijiwekea sharti kwamba nisipofika Ryūsui-an, nusu ya njia, kufikia saa sita mchana, narudi. Wikiendi ya katikati ya mwezi majani yaliyolowa yalinichelewesha, sharti likanikamata, nikarudi. Upande wa pili wa mlima mabasi ya wikiendi ni machache na la mwisho linaondoka mapema, kwa hiyo hata ningefika nisingetoka.

Marekebisho yalikuwa kulala Kamojima Ijumaa baada ya kazi. Chumba bila chakula yen 5,200. Jana saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa tayari kwenye ngazi za Fujii-dera, na siku ikawa ndefu ya kutosha. Ryūsui-an nilifika saa nne. Pana chemchemi, na kibanda ambacho bado kinafagiliwa na watu wa kujitolea. Nilipumzika vya kutosha, nikajaza chupa. Adhuhuri niliiswali Jōren-an, pembeni mwa miti, kwa udhu wa maji yale. Shōsan-ji nilifika saa nane na robo mchana, mierezi mirefu pande zote mbili za njia ya kuingilia, na mwanamke wa Osaka aliyekuwa amefika muda mfupi kabla yangu akanipigia makofi.

Kwenye mteremko, chini kidogo ya hekalu, kuna kaburi la Emon Saburō. Hadithi inasema alikuwa tajiri wa Iyo, mkoa mwingine wa Shikoku kwa jina la kale, aliyemfukuza mtawa ombaomba na kulivunja bakuli lake. Watoto wake wanane wakafa mmoja baada ya mwingine. Alipotambua kwamba yule alikuwa Kūkai, aliuza mali akamfuata kisiwa kizima, mara ishirini bila kumpata, mwisho akazunguka kinyume, akaanguka hapa, na ndipo Kūkai akamjia. Wanamtaja kuwa hujaji wa kwanza. Mtu aliyetoka kuupanda mlima ule kwa miguu yake anaisikia hadithi hii kwa namna nyingine.

Malazi nilipata Kamiyama, nyumba ya wageni ya mama mmoja, yen 7,500 pamoja na vyakula. Kuhusu chakula: mwalimu wa sayansikimu shuleni kwetu aliniandikia kadi ya Kijapani inayosema sili nguruwe, wala pombe hata ya kupikia, yaani sake na mirin, lakini samaki, mayai, mboga na tofu nakula vyote. Maneno "mimi ni Mwislamu" peke yake hayamsaidii mpishi wa kijijini. Kadi inamwambia afanye nini. Alinichomea samaki kwa chumvi na sudachi, akanieleza kuwa watoto wake wote wako Osaka.

Kamiyama ina nyumba nyingi zilizofungwa na shule zilizokosa watoto. Hata hivyo mwaka 2023 kilifunguliwa hapo chuo cha ufundi, kosen, na nilipopita leo asubuhi vijana walikuwa wamekaa mbele ya duka wakila maandazi. Kwa mwalimu, kuona vijana mahali kama pale ni furaha ambayo sikuitarajia. Kilomita 21 za kufuata mto Akui hadi namba 13 ni lami na mteremko mwepesi. Basi kutoka hapo hadi mjini ni rahisi.

Jumapili, 15 Desemba 2024. Namba 13 hadi 17

Kilomita nane hivi, mahekalu matano, nusu siku. Namba 14, Jōraku-ji, imejengwa juu ya mwamba wa asili ambao haukusawazishwa, na uwanja wake wote ni mawimbi ya jiwe. Angalia unapokanyaga, hasa mvua ikinyesha. Simu ilizima kwa baridi ikiwa na chaji ya robo. Nimenunua betri ya ziada yen 2,980, na naibeba mfuko wa ndani karibu na mwili.

Nyumba yangu ya kupanga haina joto la ukutani. Natumia jiko la mafuta ya taa, dirisha wazi kidogo.

Jumapili, 19 Januari 2025. Namba 18 na 19

Kutoka 17 hadi 18 njia inakatiza mji ninaoishi, karibu kilomita 19 za barabara kuu. Waandishi wengi wanashauri kupanda basi hapa. Mimi nashauri kutembea, hasa ukiwa mwalimu. Wanafunzi wangu walinikuta mbele ya konbini, duka la saa 24, nikiwa na kofia ya mahujaji, wakaita "Sensei!", yaani mwalimu, kutoka ng'ambo ya barabara, na Jumatatu kipindi kizima kikawa ni maswali. Tumeligeuza kuwa zoezi: kila kundi linaandika kwa Kiingereza ushauri kwa msafiri mgeni. Kundi moja liliandika tu kwamba bibi zao watatoa machungwa na asikatae. Hawa ni watoto ambao kwa miezi hawakuwa na la kuniambia kwa Kiingereza.

Tatizo la safari hii ni malazi. Nyumba za wageni karibu na namba 19 na 20 ni chache, wenyewe ni wazee, nyingine zimefungwa ingawa bado zimo kwenye orodha. Hazina tovuti. Inabidi kupiga simu, kwa Kijapani, siku kadhaa kabla. Andika mazungumzo yote kwenye karatasi: tarehe, mtu mmoja, kwa miguu, saa ya kufika, kisha isome kadi ya chakula. Ukiona hutafika, piga simu. Wanapika kwa ajili yako, na wanakuja kukutafuta barabarani giza likiingia.

Jumatatu, 24 Februari 2025. Namba 20 na 21

Wenyeji wanaihesabu milima migumu ya Awa hivi: wa kwanza Shōsan-ji, wa pili Kakurin-ji, wa tatu Tairyū-ji. Ya pili na ya tatu inafuatana. Unapanda Kakurin-ji, karibu mita 500, kwa njia yenye nguzo za mawe za karne ya 14 zinazohesabu umbali, unashuka hadi mto Naka, unapanda tena upande wa pili.

Nilitaka kufika namba 22 wikiendi hii. Barafu ilikataa. Ngazi za magogo za Kakurin-ji zilikuwa zimeganda, na kilomita mbili za kushuka zilinila asubuhi nzima. Minyororo midogo ya kuvalisha kiatu ingesaidia. Anayekuja Januari au Februari aibebe. Tairyū-ji nilifika alasiri, na sikuwa na muda wa kilomita 11 zaidi. Nilishuka kwa kebo ya angani ya hekalu, inayopita juu ya bonde kwa kilomita 2.7. Kwa sharti la mradi hilo halivunji kitu iwapo nitarudi juu kwa kebo hiyohiyo na kuanza kutembea kutoka lango la 21, na ndivyo nitakavyofanya.

Ramadhani inaanza mwanzoni mwa Machi, kisha kuna mahafali na mwaka mpya wa shule Aprili. Sitembei hadi Mei.

Jumapili, 4 Mei 2025. Namba 22 na 23, Awa imekwisha

Sikukuu za mfululizo za Mei zina faida ya siku nyingi na hasara moja: kila chumba kimejaa. Niliweka nafasi Machi, na hata hivyo nikapata ya mwisho. Kilomita 11 za jana zilikuwa za misitu ya mianzi na mashamba yaliyojazwa maji kwa ajili ya mpunga. Leo kilomita 21 hadi Hiwasa, mji wa namba 23. Nilichagua njia ya pwani badala ya barabara kuu namba 55 yenye mahandaki. Ni ndefu kidogo, lakini hewa ya bahari unaipata mapema.

Yakuō-ji, namba 23, ni hekalu la kuondoa mikosi ya umri. Ngazi zake ni 33 kwa wanawake na 42 kwa wanaume, na watu huweka sarafu kwenye kila ngazi wanapopanda. Kwa hesabu yao ya zamani mwaka huu mimi nina 33, na walimu wenzangu wote wa kike walinikumbusha kwa zamu. Sikuweka sarafu. Nilipanda polepole nyuma ya bibi aliyekuwa akiinama kila ngazi, hadi juu, ambapo bandari yote inaonekana.

Ufuo wa Ōhama, mwendo mfupi kutoka hekaluni, kasa hutaga kuanzia Mei hadi Agosti, na taa za ufukweni huzimwa kwa ajili yao. Kwetu pia mayai ya kasa wa kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, huhamishiwa Ushongo ili yasichukuliwe na maji. Nimemwandikia mama habari hii kabla ya nyingine zote.

Hesabu ya Awa nzima: viatu na soksi 13,120, kofia na fulana 4,200, betri 2,980, nauli pamoja na kebo 14,300, malazi 27,400, chakula cha njiani 12,900. Jumla yen 74,900. Anayeishi nje ya mkoa aongeze nauli na usiku kadhaa.

Kinachofuata ni namba 24 kwenye rasi ya Muroto, karibu kilomita 75 za pwani bila hekalu lolote kati ya yale 88 njiani. Kwa kurudi kuna gari la ajabu linaloitwa DMV, basi linaloshusha magurudumu ya chuma na kuwa treni. Limeanza kazi Desemba 2021, na wikiendi linafika hadi Muroto, safari moja kwenda na kurudi kwa siku. Ratiba ya kipande kizima lazima ijengwe kuanzia saa yake ya kuondoka, kurudi nyuma. Kiangazi pwani ile haina kivuli, kwa hiyo naanza Septemba, mwezi wenye sikukuu mbili. Namba za simu za nyumba za wageni za Kaifu na Kannoura nimeshazikusanya. Mbili kati yake hazipokelewi.